Nzi Waliogoma Kutaga

Jumatatu, 4 Machi

Ndugu zangu wanachama, mlipoamua katika kikao cha juzi kwamba msimu huu wa mvua uandikwe siku kwa siku, na kwamba mwandishi awe mimi, nilikubali kwa sharti moja: nitakachokiandika nitakisoma mbele yenu Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Aprili, neno kwa neno, bila kuchuja. Nimeshika chaki miaka thelathini na mmoja. Najua kwamba daftari lililofutwafutwa halikosi uongo ndani yake. Hili halitafutwa.

Mvua ya kwanza imeanza leo saa nne asubuhi.

Kwa ajili ya wale wapya niliowaona wakiziba pua mlangoni, nieleze tunachokifuga. Nzi askari mweusi si nzi wa chooni. Akishapata mbawa hali tena chakula. Hunywa matone ya maji, huishi siku zisizozidi kumi, na siku hizo zote ana shughuli mbili, kuoana na kutaga. Mlaji ni mtoto wake, funza, ambaye hugeuza maganda na mabaki ya sokoni kuwa mbolea kwa majuma mawili matatu. Akishiba huwa mweusi, huacha chakula kwa hiari yake, na hupanda ukingo wa beseni kutafuta pakavu. Hapo tunamkusanya. Wengi huliwa na kuku wa nyumba zetu kumi na nne. Walio wanono tunawaacha wawe pupa katika trei za giza, watoke nzi, tuwahamishie kwenye tundu la kuzalishia, watage katika nyufa za vibao. Mayai hayo ndiyo mbegu yetu.

Lakini nzi huyu haoani bila jua, na mwaka jana mvua iliimaliza mbegu yote. Mtaalamu aliyetupa mayai ya kuanzia upya amekwishahama, wala hatumjui mwingine. Mbegu ikifa safari hii, imekufa.

Tena kuna suala la banda. Banda ni urithi wa mume wangu na dada yake mdogo, wifi yangu, fundi cherehani wa magauni ya harusi, ambaye chumba chake cha kazi kinatazamana nalo na ambaye hunisaidia kila asubuhi kabla ya kuketi kwenye cherehani. Tulikubaliana mbele ya mwenyekiti: mbegu ikivuka mvua, banda ni la kikundi. Isipovuka, wifi analichukua aweke meza yake ya kukatia nguo.

"Nzi wako wakifa, wifi," aliniambia leo huku tukitazama maji yakishuka, "mimi nitalia kwa jicho moja."

"Na la pili?"

"La pili litakuwa linapima banda."

Tulicheka sote wawili.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mabeseni ya funza kumi na mawili. Trei za pupa tisa.

Alhamisi, 7 Machi

Neti ya tundu la kuzalishia imechanika pembeni, nzi wanatoroka. Nimetoa kabatini neti mpya niliyopewa kliniki, iliyokuwa bado katika mfuko wake, na wifi ameikata na kuishona kwa muda wa saa mbili. Alilalamika kwamba vidole vinamwasha.

"Mwalimu, neti hii imekaushwa na pilipili?"

"Huo ni uvivu, wifi. Huanzia vidoleni."

Sasa tundu ni jeupe kama shuka la hospitali. Nimelizunguka mara mbili kulitazama.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Mayai: hakuna.

Jumanne, 12 Machi

Nimefagia nzi wafu chini ya tundu, karibu konzi mbili. Sikushtuka, kwa kuwa mwaka jana ilikuwa hivi hivi: kiza cha mawingu, baridi, nzi wanakaa wamejikunyata kama abiria waliokosa gari, kisha wanakufa bila kuacha kitu. Wifi alisimama nyuma yangu na ufagio wa pili.

"Hawa wamekufa vibaya," alisema. "Tazama. Wamelala chali, miguu juu."

"Kuna nzi anayekufa kifudifudi?"

"Mimi nasema nilichokiona."

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Mayai: hakuna.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Mayai: hakuna. Mabeseni: tisa.

Jumanne, 19 Machi

Leo jua limewaka kwa saa tatu nzima. Nimekaa mbele ya tundu na saa mkononi kama msimamizi wa mtihani. Wale nzi waliotoka gizani alfajiri, wenye mbawa bado zinazong'aa, walipaa vizuri, wakatua kwenye neti, na kabla ya saa sita walikuwa wanazunguka sakafuni kama walevi. Kufikia alasiri walikuwa wamekufa. Jua lilikuwapo, ndugu zangu. Kwa hiyo si mvua.

Nilimwendea Mzee Kasi, msukuma mkokoteni anayetuletea mabaki ya sokoni. Jina hilo amepewa na wenye dhihaka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha.

"Mzee Kasi, kabichi hizi zimepuliziwa dawa?"

"Mimi kabichi siziulizi, Mwalimu. Nazibeba."

"Nzi wanakufa."

"Na funza je?"

Tuliinama juu ya mabeseni. Funza walikuwa wanakula kwa ile sauti yao, kama manyunyu juu ya majani makavu.

"Hawa wana afya kuliko wajukuu zangu," alisema. "Anayekula kabichi ni huyu. Dawa ingeanza na huyu. Mimi sikusoma, lakini hiyo ni hesabu ya kidole kimoja."

Alisema kweli, na iliniudhi kwamba si mimi niliyeisema. Nzi mkubwa hali kitu. Kama sumu hailiwi kwa kinywa, basi inapitia hewani. Na hewa ya bandani inavutwa na watu wawili tu, mimi na mwingine.

Alhamisi, 21 Machi

Nilikwenda chumbani kwa wifi kuazima mkasi. Yeye hakuwapo. Nyuma ya cherehani, katika kikapu cha vitambaa, nimeona kopo la dawa ya kupulizia wadudu.

Nimelirudisha nilipolikuta. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 22 Machi

Wifi ameimba asubuhi nzima akiwa anachekecha mbolea. Sijui ana furaha gani. Alipita karibu na ukuta wa nyuma na kuupima kwa hatua: moja, mbili, tatu, nne, tano. Aliponiona akatabasamu.

Mabeseni: sita. Nzi waliotoka jana wamekufa leo.

Jumamosi, 23 Machi

Ninyi mlikuwapo, lakini nimeahidi kuandika, na naandika.

Tulipokwisha kusoma ajenda niliomba nafasi, nikasimama. Nikaeleza kwa utaratibu: kwamba si mvua, kwa kuwa nzi wanakufa juani, kwamba si chakula, kwa kuwa funza ni wazima, kwamba kilichobaki ni mkono wa mtu. Kisha nikaliweka kopo, nililolichukua tena kikapuni asubuhi hiyo, juu ya meza ya mwenyekiti. Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati.

Wifi alilitazama kopo, akanitazama mimi.

"Umepekua kikapu changu?"

"Nilikwenda kuazima mkasi."

"Mkasi unaning'inia ukutani, wifi. Unauona kila siku." Akawageukia wenzake. "Hilo ni la mende. Shela nyeupe na mende havikai chumba kimoja. Nimelinunua, sijalifungua bado. Litikiseni."

Mwenyekiti alinyoosha mkono. "Mwalimu, tulitikise?"

Nami nikajibu, na maneno haya nayanukuu kama yalivyotoka: "Hakuna haja. Aliyenunua moja anaweza kununua la pili. Banda hili lina mtu anayelipima kwa hatua wakati nzi wangali hai. Kikulacho ki nguoni mwako."

Walikuwapo waliotikisa vichwa kuniunga mkono. Niliwaona, na nilifurahi.

Wifi alisimama polepole. Alifungua ncha ya kanga yake, akatoa ufunguo wa banda, akauweka kando ya kopo.

"Tundu hilo nimelishona kwa vidole vyangu mpaka vikavimba," alisema. "Ningetaka kuwaua nzi wako, ningeacha tu mlango wazi, nikasema ni upepo. Wewe umesomesha watoto wa watu miaka yote hiyo. Sijui uliwafundisha nini."

Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Nimeandika haya bila chuki. Naamini nimetenda haki.

Jumapili, 24 Machi

Wifi amehamia kwa binti yake, mtaa wa pili. Amechukua cherehani na mavazi ya watu, kwa safari mbili za mkokoteni. Mzee Kasi aliyasukuma bila kunisalimu.

Mume wangu aliniuliza tulipokuwa tunaondoa vyombo mezani.

"Kopo lile ulilitikisa?"

"Sikuhitaji."

"Mimi nimelitikisa. Limejaa mpaka juu, hata mfuniko haujavunjwa."

"Nilisema anaweza kuwa na la pili."

"Ulisema," alijibu, akaenda kuketi barazani peke yake.

Jumatatu, 25 Machi

Nzi wapya: kama mia mbili. Nimeshika funguo zote mbili mimi.

Jumanne, 26 Machi

Wamekufa.

Alhamisi, 28 Machi

Wamekufa. Hakuna aliyeingia bandani isipokuwa mimi. Labda dawa imeganda ukutani. Nimeosha kuta.

Jumatatu, 1 Aprili

Wamekufa. Funza wa beseni la mwisho wamepanda ukingo leo. Hakuna funza tena, ndugu zangu. Kuna trei nne za pupa gizani, basi. Kuku wa nyumba kumi na nne watakula pumba. Mwenyekiti ameniuliza kwa upole kama nimeanza kuwatayarisha watu. Nilimjibu kwamba kazi yangu si kutayarisha watu kwa msiba ambao haujatokea. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyokusudia.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Trei: tatu. Mume wangu anakula kwa dada yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilipokuwa nahamisha nzi leo, watatu wameniponyoka, wakatua kwenye kioo cha dirisha. Zamani ningewakimbiza. Nimewaacha. Mmoja alitulia karibu na mkono wangu. Nikalowesha ncha ya chaki, nikamtia doa jeupe mgongoni, kama nilivyokuwa nikitia alama kwenye daftari lisilo na jina. Sijui kwa nini.

Jumanne, 9 Aprili

Mwenye doa jeupe yu hai.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuitazama kwa muda mrefu. Siku ya nne leo, yuko kwenye kioo, anasafisha macho yake kwa miguu ya mbele. Hewa anayoivuta ni ileile ya bandani, na kuta ni zilezile. Ndugu zake niliowatia tunduni saa ileile ya Jumamosi, nimewazoa Jumapili kwa kifagio. Aliyetoroka ameishi, na waliotunzwa wamekufa.

Nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Kisha nikafanya lile ambalo ningemwamuru mwanafunzi wa darasa la sita alifanye tangu siku ya kwanza. Nilichukua chupa mbili za kioo zilizooshwa, nikatia nzi kumi katika kila moja. Moja nikaifunika kwa kipande cha pazia langu kuukuu. Ya pili nikaifunika kwa kipande nilichokata kwenye ukingo wa neti ya tundu, nikakiacha kining'inie ndani. Nikaketi.

Saa tano wote walikuwa wazima. Saa saba, katika chupa ya pili, mmoja alianza kuzunguka. Saa nane watano walikuwa chali. Saa tisa hapakuwa na aliyesimama. Katika chupa ya pazia, kumi walikuwa kumi.

Nilikwenda kabatini. Mfuko wa neti ulikuwa umekunjwa vizuri chini ya mashuka, kwa kuwa mimi ni mtu wa kukunja mifuko. Maandishi yake si madogo. Yanasema neti imetiwa dawa ya kuua wadudu, na inaweza kuwasha ngozi ikiwa mpya. Kwa asiyejua kusoma wamechora mbu, amelala chali, miguu juu.

Nimesoma vitabu vinne kuhusu nzi hawa. Nimesahihisha insha za watoto elfu. Sikusoma mfuko.

Nimewaua mimi. Kila asubuhi nimewachukua kwa mikono yangu, kwa upole, nikawatia katika nyumba ya sumu, nikafunga kamba. Na aliyeniambia kwamba vidole vinamwasha nikamwita mvivu, na aliyenionyesha kwamba wamekufa chali nikamdhihaki, na kisha nikasimama mbele yenu nikamwita kikulacho.

Trei: mbili.

Jumatano, 10 Aprili

Nyumba ya binti yake ina ngazi tatu na mlango wa bluu. Wifi alikuwa anatarizi shingo ya gauni. Hakuniambia kaa.

"Shikamoo, dada mkubwa," alisema, na katika miaka yote hajawahi kuniamkia hivyo. Alinisukuma mbali kwa heshima.

Nilimweleza yote: doa la chaki, chupa mbili, mfuko. Alisikiliza bila kuinua sindano. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno.

"Umekuja kuomba radhi, au umekuja kutafuta fundi?"

"Vyote viwili."

"Anza na kimoja. Mimi si sokoni."

"Nimekukosea, wifi. Nisamehe."

Aliliweka gauni magotini. "Hapa tunasikia mimi na wewe na cherehani. Siku ile walisikia watu kumi na nne. Nikipita dukani wananiuliza, Fundi, nzi hawajambo? Mwanangu ameulizwa kazini. Radhi ya chumbani kwa tusi la barazani?"

"Nitasimama."

"Utasimama pale pale?"

"Pale pale."

Nje maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji wa bati.

"Ulisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema hatimaye, na nikaona pembe ya mdomo wake ikipambana na tabasamu. "Kumbe ulisema kweli, wifi, ila hukuikagua nguo." Akacheka, cheko la uchungu lililomtoa machozi, na machozi hayakuwa ya cheko. Niliketi bila kukaribishwa.

"Pupa wamebaki trei mbili," nilisema. "Nahitaji kitambaa chepesi, kisicho na dawa. Neti zote za madukani zimetiwa dawa. Lakini ujue jambo moja kabla hujanijibu: ukinisaidia wakavuka, banda unalikosa."

"Hesabu najua, Mwalimu. Hukunifundisha wewe." Alinyanyuka, akafungua sanduku, akatoa robota la shela nyeupe, laini kama mvuke. "Mita kumi na mbili. Bwana harusi kaingia mitini wiki mbili kabla, bibi harusi hataki hata kuiona. Kama watu wameshindwa kuoana nayo, tuwajaribu nzi."

Ijumaa, 12 Aprili

Wifi amekuja. Hakusema habari za asubuhi; alisema, "Fremu." Sikuelewa. "Neti imegusana na mbao mwezi mzima. Utaweka shela juu ya sumu ileile?" Tumesugua mbao kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, mimi, yeye na mume wangu, mpaka kucha zikauma. Vibao vya kutagia tumevitupa, tumekata vipya.

Trei: moja. Ile nyingine wametoka nusu, nusu wameoza kwa unyevu.

Jumapili, 14 Aprili

Tundu la shela limesimama. Nzi mia na hamsini hivi ndani. Saa kumi na mbili jioni wote wangali hai.

Jumatatu, 15 Aprili

Wako hai. Mvua. Jua: hakuna.

Jumanne, 16 Aprili

Wako hai. Mvua. Jua: hakuna.

Jumatano, 17 Aprili

Sasa nimefahamu kwamba kuwa hai hakutoshi. Wanajikunyata na kungoja, na kila siku inayopita inakatwa kwenye zile siku zao kumi. Trei ya mwisho imekwisha. Waliomo tunduni ndio wote. Hakuna nzi mwingine nyuma yao. Wifi anapita kila saa, anaangalia mbingu, anasonya.

Ijumaa, 19 Aprili

Saa tano na robo asubuhi wingu lilipasuka. Lakini halikupasuka kwetu. Banda limekingwa na ukuta wa ghala la jirani, na jua lilikuwa linamwagika upande wa pili wa barabara, kwenye uwanja wa gereji, kama hatua mia na ishirini kutoka tulipo. Tulisimama mlangoni tukilitazama kama watoto nje ya duka.

"Tuwapeleke," alisema wifi.

"Tundu lina urefu wa mtu, wifi. Likianguka, tumekwisha."

"Na likibaki?"

Mzee Kasi alikuwa ndiyo kwanza anafika na kabichi zake. Wifi alimwamuru azimwage chini pale pale. Tuliliinua tundu sisi wanne, mume wangu akiwa mbele, tukaliweka juu ya mkokoteni, na nzi mia na hamsini wakapaa ndani mara moja kama majivu yaliyopulizwa.

"Polepole, Mzee Kasi," nilisema.

"Mwalimu," alijibu, "miaka yote mnanicheka kwa hilo."

Alisukuma kama anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Shimo la kwanza alilizunguka. Kwenye la pili alisimama, akalitazama, akaweka jiwe, akapita. Nilitamani kumsukuma mgongoni. Wingu la nyuma lilikuwa linakuja na nilikuwa nahesabu hatua zake. Watu walitoka madukani.

"Fundi! Bibi harusi yuko wapi?" fundi gari mmoja alipiga kelele.

"Ndani!" wifi alimjibu. "Wako wengi, chagua!"

Tulifika. Jua likapenya shela, tundu zima likawaka. Kwa dakika kumi hakuna kilichotokea. Nzi walitambaa juu. Mume wangu alivua kofia, sijui kwa nini. Kisha dume mmoja aliruka, akamkamata jike hewani, wakaanguka pamoja wakiwa wameshikana mkia kwa mkia, kila mmoja ametazama upande wake. Kisha wa pili. Kisha sikuweza kuhesabu.

"Tazameni pembeni," wifi alisema kwa sauti ya chini. "Mnawaaibisha."

Tulipata dakika arobaini. Mvua iliporudi tulilifunika tundu kwa turubai na koti la mume wangu, tukarudi kwa mwendo uleule wa Mzee Kasi, tukilowa mpaka mifupani, na hakuna aliyemwambia aongeze hatua.

Jumapili, 21 Aprili

Nzi wanakufa. Safari hii ni kwa umri. Mayai: hakuna.

Jumatatu, 22 Aprili

Mayai: hakuna. Nzi thelathini wamebaki.

Jumanne, 23 Aprili

Wifi alifungua vibao saa mbili asubuhi, akaniita kwa jina langu la utotoni ambalo humwachia kaka yake peke yake kulitumia. Katika ufa wa kibao cha tatu kulikuwa na vichane vitano vya mayai, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mchele, rangi ya maziwa. Vitano tu. Mwezi wa Februari tulikuwa tunapata themanini kwa siku.

Usiku wa baridi utayaua. Wifi ameyafunga katika kisanduku, ameyaweka kwenye rafu juu ya pasi yake ya mkaa, na kusema kwamba wiki hii atapiga pasi hata nguo zisizokunjamana.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Tunangoja. Hatuzungumzi sana, ila leo ameniachia kiti chenye mgongo.

Ijumaa, 26 Aprili

Vichane viwili vimekauka. Vitatu vina vidoadoa vyeusi, ambavyo huenda ni macho, na huenda ni ukungu. Kesho nasoma.

Jumamosi, 27 Aprili

Naandika baada ya mkutano, kwa kuwa siku hii nayo ni ya msimu.

Saa moja asubuhi niliweka kioo cha kukuzia juu ya kisanduku. Vidoa vilikuwa macho. Kutoka katika vichane vitatu walikuwa wanamiminika funza wembamba kuliko uzi, wakitambaa kuelekea kwenye unga uliolowekwa, mamia kwa mamia. Nilimpa wifi kioo. Alitazama, akanirudishia, akasema, "Basi banda limekwenda," na akatwaa kijiko akaanza kuwaongezea unga.

Saa nne mlikusanyika. Nilisimama mahali pale pale, kando ya meza ya mwenyekiti, nikasoma daftari hili tangu ukurasa wa kwanza. Mlicheka mlipopaswa kucheka. Nilipofika tarehe ishirini na tatu Machi, wale waliotikisa vichwa siku ile walitazama viatu vyao. Nikasoma ya tisa Aprili, ya chupa na ya mfuko. Nikasoma "Nimewaua mimi". Kisha nikageuka kwa wifi, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, nikamwomba radhi mbele ya watu kumi na nne, kwa maneno ambayo siyaandiki kwa kuwa hayakuwa mazuri, yalikatikakatika.

Mwenyekiti akapangusa miwani yake. "Tumesikia, Mwalimu. Tumshukuru Mungu, tuendelee na ajenda inayofuata."

"Samahani, mwenyekiti," wifi alisema. Hakusimama. Alikuwa na kisanduku cha funza magotini, amekifunika kwa kiganja. "Ile ya tarehe ishirini na tatu, na ile ya tarehe tisa. Arudie. Waliokaa nyuma hawakusikia vizuri."

Waliokaa nyuma walikuwa wamesikia kila neno. Chumba ni kidogo, na mvua ilikuwa imekatika.

Nikafungua daftari, nikatafuta ukurasa, nikapaza sauti.